Kiroboto Hakinywi

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila leo sitalitaja. Sheria inataka ulitamke ukiwa umesimama wima, vinginevyo unachapwa, na mimi wiki hii mgongo haunyooki. Tuiite nchi yetu tu. Mtanielewa.

Msituone hivi, tuna magari. Kila nyumba ina Kiroboto, kigari cha taifa. Kina milango miwili, honi moja na rangi ya matope, na kinabeba watu wanne kama watu hao wanapendana. Kiroboto kilibuniwa, au tuseme kilinunuliwa chakavu mahali fulani kikabuniwa jina, na Mheshimiwa Kanali Profesa Dakta Mhandisi Bulugu Ntemanya, Waziri wa Mafuta na Maadili. Mungu amrehemu, ingawa kumwombea rehema nako kumekatazwa.

Waziri ndiye aliyekipima kwa mikono yake. Walikipandisha kigari hadi mlango wa Ikulu, juu kabisa kilimani, wakaweka gia huru, wakakisukuma. Kilishuka vizuri sana, kikamgonga mpiga ngoma mmoja kikamvunja mguu, kikaendelea hadi kwenye mlingoti wa bendera. Wataalamu walipofungua tangi wakakuta mafuta yameongezeka. Kuna askari alikuwa amemimina galoni njiani, akihofia Waziri asije akaaibika. Hilo lilijulikana baadaye, na askari akafa kwa kulijua. Hesabu ikaonyesha kwamba Kiroboto hakitumii petroli, kinazalisha.

Waziri alikuwa mnyenyekevu. Akasema tusijitape, majirani watatuonea kijicho, tuseme tu kwamba lita moja inakwenda kilomita thelathini. Bunge likapiga makofi, na wale waliochelewa kupiga makofi wakapigwa wao. Ikawa sheria. Tangu hapo Kiroboto hakinywi mafuta. Mafuta yakipungua, basi umeyanywa wewe.

Mimi nilikuwa balozi wa mtaa. Kazi yangu ilikuwa kupima matangi kila Jumamosi, na nilipewa fimbo ya mpera yenye alama za vidole kutoka chini hadi juu. Nasoma kilomita, nagawa kwa thelathini, nachovya fimbo ndani ya tangi. Kila kidole cha mafuta kinachokosekana ni kiboko kimoja kwa mwenye gari, kwa fimbo ileile, hapohapo juu ya boneti. Wizara ilikuwa na akili, fimbo moja kazi mbili. Tena fimbo iliyolowa petroli ikikupasua ngozi inawasha kama pilipili. Hilo halikuwamo kwenye mpango, ni baraka tu. Akikutwa na upungufu mara ya tatu, tangi linapigwa lakiri na kigari hakiendi popote tena.

Kabla ya kukuchapa nilitakiwa kuuliza swali la kisheria: mafuta yamekwenda wapi? Niliuliza kwa upole sana. Jibu halikuwa na umuhimu.

Jambo moja zaidi, maana najua kuna wabishi kati yenu wanaoanza kukuna vichwa. Gari la balozi halipimwi. Ingekuwaje nijichovye mwenyewe? Na Kiroboto chetu hakikuwa changu hata hivyo, kiliandikwa jina la mama yangu mzazi, kwa sababu wazee walikuwa wanaongezewa kidogo kwenye mgawo wa mafuta. Mama ana sukari na mguu wake una kidonda kisichofunga. Nilikuwa nampeleka kliniki, tunarudi, basi.

Sasa niwaambie kuhusu Ngurumo ya Heshima, maana hamwezi kuelewa lolote bila hiyo.

Zamani Mkuu wetu wa Daima alikuwa akipita, magari yanasimama pembeni na watu wanazima injini. Siku moja, katika kimya kile, mtu akacheka. Huenda alikuwa anacheka mambo yake mwenyewe. Mkuu alisikia. Watu wa barabara ile waliteketezwa nusu yao, na nusu iliyobaki ikaamriwa isinyamaze tena. Basi kuanzia hapo king'ora kikisikika, kila gari linasimama pembeni na injini inaunguruma mpaka Mkuu apite. Kuzima ni dharau. Walinzi wa msafara wana marungu ya chuma na hawaulizi swali la kisheria wala lisilo la kisheria. Niliwahi kuona muuza maziwa ambaye Kiroboto chake kilizimika chenyewe. Walimtoa dirishani, dirisha likiwa limefungwa.

Na Mkuu hapiti upesi. Anapenda barabara yake. Anafika katikati anakumbuka amesahau miwani, msafara mzima unageuka, anarudi Ikulu, anakuja tena. Asubuhi nzima mji unanguruma umesimama. Moshi unapanda, watoto wanatapika, na redio inasema nchi inachapa kazi.

Mtu mwenye nia mbaya angesema hapo ndipo mafuta yanapokwendea. Mimi sikusema.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Kitwana Ligola, aliyekuwa akipiga tarumbeta kwenye bendi ya magereza mpaka figo zake zilipokufa, zote mbili. Tulicheza bao pamoja miaka mingi, kwa hiyo mkewe, Sikudhani, nilimwita shemeji. Kila baada ya siku moja Sikudhani alikuwa akimpakia mumewe kwenye Kiroboto chao na kumpeleka hospitali kusafishwa damu. Akikosa kusafishwa anavimba, maji yanapanda kifuani na anazama akiwa nchi kavu. Na hospitali iko ng'ambo ya barabara ya Mkuu. Hakuna njia nyingine. Ilikuwepo, ikajengewa sanamu.

Jumamosi ya kwanza nilichovya fimbo kwenye tangi lao nikakuta vidole saba havipo. Nilishtuka, nilikuwa nawaheshimu watu wale. Nikauliza mafuta yamekwenda wapi. Sikudhani akaanza kunieleza habari za foleni, za king'ora, za kusimama injini ikiwaka tangu asubuhi hadi adhuhuri ilhali kilomita hazisogei hata moja. Nikamwambia, shemeji, hayo ni maneno, mimi natumia sayansi.

Tatizo likawa kwamba mwenye gari kisheria alikuwa Kitwana. Akatoka ndani akijikokota, uso umejaa kama andazi, akainama juu ya boneti na kuniambia nisiogope, nyama yenyewe imejaa maji, nitajirushia tu. Alikuwa na utani wake mpaka mwisho. Sikudhani akamvuta pembeni akaomba ainame yeye badala yake. Sheria haikutaja jambo hilo. Mimi nina huruma, nikakubali. Nilimpiga saba kwa haki, wala sikukwepa mfupa, na cha saba kilipasua gauni. Hakulia. Mumewe ndiye aliyelia. Tulipomaliza Sikudhani aliingia ndani akanawa, akarudi na chai ya watu watatu, maana tulikuwa majirani.

Jumamosi ya pili vilikosekana vidole tisa. Wiki hiyo Mkuu alikuwa amesahau miwani mara nyingi. Niliuliza swali, Sikudhani akainama kabla sijamaliza. Yale makovu ya kwanza yalifunguka na damu ikachirizika hadi kwenye taa ya mbele. Nikamshauri aifute, kwa sababu taa chafu ni kosa lingine. Siku hiyo hakukuwa na chai.

Ikabaki mara moja tu. Ya tatu ni lakiri, na lakiri maana yake Kitwana anakaa nyumbani anavimba mpaka mwisho. Mtaa mzima tulijua. Kitwana mwenyewe alijua, akawa anaaga watu kwa mizaha, huyu anamwachia deki ya redio, yule anamwachia mkewe kisha anaghairi. Sikudhani hakucheka. Alivaa kanga yake safi akaenda kwenye mkutano wa hadhara wa Waziri Ntemanya. Watu walipoulizwa kama kuna swali, yaani walipotakiwa wakae kimya, akanyoosha mkono.

Akasema wazi kabisa:

"Mheshimiwa, naomba uendeshe wewe Kiroboto chetu hadi hospitali. Mume wangu na mimi tutakaa nyuma. Kikienda kilomita thelathini kwa lita, nichapeni hadi nife. Kisipokwenda, tuongezeeni mafuta tu."

Polisi walishamfikia na kumvunja jino moja, ndipo Waziri akawazuia. Kumbukeni alikuwa mnyenyekevu. Pia walikuwepo wapiga picha. Akahutubia kwa muda mrefu kuhusu wanawake, akisema mwanamke hukanyaga pedali kwa hofu na mwanamume hukanyaga kwa uzalendo, na kwamba yeye angekiendesha Kiroboto kile kwa harufu tu ya petroli. Watu walishangilia, na mimi na mabalozi wenzangu tulizunguka kuhakikisha wanashangilia. Ikaamuliwa safari iwe Jumatatu, na mimi niwe shahidi rasmi, na fimbo yangu.

Siku hiyo ilipofika Waziri alivaa nishani zote. Alikaa kwenye usukani, tumbo limegusa honi, ikawa inalia kila akipumua. Mimi nilikaa mbele pembeni yake na fimbo katikati ya magoti. Nyuma alikaa Sikudhani, na Kitwana akalala mapajani mwake, kwa sababu alikuwa amekosa zamu ya Jumamosi kubana mafuta na sasa alikuwa amevimba hata vidole vya mikono. Alimwangalia Waziri akamwomba, kama ataweza, apige ile honi kwa sauti ya chini kidogo, yeye kama mwanamuziki inamuumiza.

Kwa kweli tulikwenda vizuri. Mshale wa mafuta haukusogea hata kidogo hadi sokoni. Waziri akanitazama kwa ushindi, akanitaka nikumbuke kila kitu. Tulipoingia barabara ya Mkuu, king'ora kikalia.

Tukasimama pembeni. Magari yote yakasimama, mbele na nyuma, yakaanza kunguruma. Waziri alifurahi mwanzoni. Akakanyaga mafuta kwa uzalendo, akanguruma kuliko wote. Pikipiki za walinzi zikapita, kisha magari meusi, kisha yale meusi yakarudi yalikotoka. Miwani. Tukangoja. Jua likapanda, moshi ukaingia ndani, na mshale ukaanza kushuka. Waziri aliutazama, akaugonga kwa kidole, akauamuru upande. Alikuwa amezoea vitu kumtii, ilimuuma.

Sikudhani aliinama mbele akamwambia polepole kwamba hospitali inaonekana, ni lile geti la bluu kule mbele, na mafuta yaliyobaki yanatosha kufika kama atazima sasa, msafara bado uko mbali. Waziri akamuuliza kama anamtaka azime injini yeye, Waziri wa Mafuta, kwenye barabara ya Mkuu. Sikudhani akasema ndiyo. Kitwana alikuwa anapumua kwa sauti ya mtu anayenyonya maji kwa mrija. Waziri akaacha kukanyaga kabisa, akawa anaunguruma kwa chinichini, jasho linamtoka mpaka kwenye nishani.

Mkuu wa Daima alitokea saa ile petroli ilipoisha. Gari lake refu lilikuwa limetufikia kabisa, naapa niliiona miwani, Kiroboto chetu kikakohoa na kikanyamaza. Barabara nzima inanguruma, sisi tu kimya. Gari lile refu likasimama.

Walinzi walikuja wakikimbia. Waziri alitoka mwenyewe, mikono juu, akawatajia vyeo vyake. Nadhani hapo alikosea. Alisema yeye ni Kanali, wakamvunja goti. Akasema ni Profesa, rungu likamshukia mdomoni, Dakta na Mhandisi vikatoka pamoja na meno. Nishani zilikuwa zinalia kila alipopigwa, halafu zikaacha. Alipokuwa ameshalala mtaroni mlinzi mmoja, kijana mwenye adabu, aliniinamia dirishani akaniuliza mimi ni nani. Nikamwonyesha fimbo, nikasema mimi ni shahidi. Akapiga saluti. Msafara ukaondoka, na sehemu ya Waziri ikaondoka nao kwenye matairi.

Sikudhani alishashuka. Aliweka mabega nyuma ya Kiroboto akaanza kusukuma.

Alinigeukia akasema, "Balozi, shuka unisaidie. Ni pale tu."

Ningependa mnielewe. Shahidi rasmi hatakiwi kuondoka ndani ya chombo mpaka safari iishe, ni kanuni, mimi sikuitunga. Wengine hawakuweza kushuka, king'ora kilikuwa bado kinasikika na kila mtu alikuwa na injini yake ya kulinda. Kwa hiyo nilikaa. Nilikaa nikisukumwa, nimeshika fimbo yangu, na nyuma yangu Kitwana alikuwa anazama. Kwenye kile kimlima kidogo kabla ya geti kigari kilirudi nyuma kikamburuza mkewe kwenye lami, akainuka magoti yamechunika akaanza upya. Kitwana alinigusa bega. Akaniambia, kwa shida, kwamba kumbe Kiroboto hakinywi kweli. Akacheka, na kicheko hakikurudi. Tulipofika getini alikuwa ameshakufa. Nesi alikuja na kiti cha magurudumu, akakirudisha.

Serikali ilituma rambirambi, siyo kwa wafiwa, kwa Kiroboto. Uchunguzi ulibaini kwamba marehemu Waziri alikuwa akiiba mafuta kwa kuyavuta kwa pumzi, na ili kuondoa aibu hiyo kipimo kikapandishwa kuwa kilomita thelathini na tano.

Jumamosi nilipofika kwa Sikudhani, nilichovya fimbo nikidhani nitapiga lakiri. Mafuta yalikuwa yamefika juu. Mgawo mpya, hakuna kilichopungua hata ukucha. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Kiroboto kilisimama uani, kuku wamelala bonetini, na kila wiki tangi limejaa. Nilipeleka taarifa juu kwa furaha, nilitaka kumtendea wema. Katika nchi nzima hakukuwa na gari linalotumia mafuta kidogo kama lile.

Wakamwita Ikulu, mimi nikaalikwa kumsindikiza. Waziri mpya alimvisha nishani, moja ya zile za yule wa zamani, iliyonyooshwa kidogo kwa nyundo. Akamtaka aeleze mbele ya taifa siri ya kubana mafuta. Sikudhani alisogea kwenye kipaza sauti, pengo la jino likaonekana.

"Mume wangu amekufa," akasema. "Sina pa kwenda."

Walipiga makofi sana. Waziri mpya alisema huo ndio moyo wa kujitolea anaoutaka kwa kila kaya. Na kwa kuwa mtu mwenye uadilifu wa namna hiyo hawezi kuachwa bure, akateuliwa hapohapo kuwa balozi wa mtaa wetu. Waligeuka wakanitaka nimkabidhi fimbo. Nikamkabidhi. Aliipokea kwa mikono miwili, akainusa.

Sikuwa na wasiwasi, jamani. Tulikuwa majirani.

Juzi Jumamosi akaja. Nilikuwa nimemwekea kigoda na chai, hakukaa. Alisoma kilomita, akagawa kwa thelathini na tano, akachovya. Mama alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya stuli umefungwa kitambaa, na siku ile alitakiwa kliniki, kidonda kilianza kunuka na daktari alishasema mkichelewa tunakata. Tangi lilikuwa karibu tupu, halitufikishi hata barabarani. Wiki nzima tulikuwa tumesimama kwenye ile barabara. Mkuu sasa anasahau na meno.

"Mafuta yamekwenda wapi, Balozi?" akaniuliza. Bado aliniita Balozi, kwa heshima.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumweleza habari za foleni, za king'ora, za injini inayowaka na kilomita hazisogei. Alikuwa ananitazama, akingoja kwa upole sana. Nikaufunga.

Akasema mwenye gari ni mama. Mama akaanza kujiinua kwenye kiti, mwanamke wa miaka sabini na kitu, anatafuta fimbo yake ya kutembelea ili aje kuchapwa kwa nyingine. Ndipo nikamwomba Sikudhani niiname mimi. Sheria bado haijataja jambo hilo. Alifikiri kidogo, akakubali. Naye ana huruma.

Alinipiga kumi na moja. Sijui mwanamke yule nguvu alizitoa wapi, labda kwenye kule kusukuma. Cha nne kilinifanya nikojoe, cha tisa nikamwita mama na mama akaitika. Petroli iliingia kwenye mikato. Niliteleza kutoka bonetini nikaanguka kifudifudi kwenye mchanga, nikisikia mama anaomba aachiwe mwanawe, na Sikudhani anamjibu, "Nimemaliza, mama. Twende kliniki, tutachelewa."

Akamshika mkono, akamsaidia kuingia nyuma, akamnyooshea ule mguu vizuri kwenye kiti na kuuwekea kanga chini yake. Kisha akazunguka akakaa mbele, pale pale nilipokaa mimi, fimbo katikati ya magoti. Akateremsha kioo.

"Mimi ni shahidi," akasema. "Sukuma."

Nikasukuma. Kliniki ni ng'ambo ya barabara ya Mkuu, kupita geti la bluu, na kuna kile kimlima. King'ora kilikuwa kimeshaanza kulia mbali. Watu walinitazama kutoka ndani ya magari yao yanayonguruma, hakuna aliyeshuka, na sikumlaumu mtu. Nawaambia ndugu zangu, siku ile Kiroboto hakikunywa hata tone. Lakini ni kizito. Kigari kile ni kidogo, na ni kizito sana.